Muulize Fundi: Boti ya alumini aliyoniachia mjomba

SWALI: Shikamoo Fundi. Mjomba wangu ameacha kuvua na amenipa boti yake ya alumini, mita 4 na kidogo, ya kupigwa ribiti, zile pini za kuunganishia bati. Imekaa wazi miaka 6, mvua ikiingia na majani yakiozea ndani. Nilipoishusha majini, saa moja haikupita maji yakanifika kwenye vifundo vya miguu. Ubao wa tezi, kule nyuma, unaobeba mashine ukiukandamiza kwa dole gumba unabonyea. Fedha nilizonazo ni kidogo. Nilikusudia kununua rangi, kuweka sakafu mpya na sitaha ndogo ya kusimamia pale omo, yaani mbele, na kukata benchi la katikati nipate nafasi ya nyavu. Kuhusu kuvuja, rafiki zangu wanasema nipake lami ndani, yaishe. Unanishauri nini? – Mpwa wa mvuvi

JIBU: Marahaba, mwanangu, na mjomba wako nisalimie. Amekupa kitu chema. Bati la alumini likitunzwa humzika aliyelinunua, na boti iliyokaa wazi miaka 6 mara nyingi huwa imeoza mbao zake tu.

Ila mpango wako umeanzia mkiani. Fedha kidogo ziende kwanza pale maji yanapoingilia, kisha kwenye ubao wa mashine, kisha kwenye povu la kuifanya boti ielee. Rangi na sitaha vinaweza kungoja msimu mzima na samaki utawapata vilevile. Benchi la katikati usiliguse kabisa, nitakuambia sababu.

Tobo usilitafute kwa macho. Ipandishe boti juu ya magogo, ng'oa sakafu yote ya zamani, osha ndani kwa sabuni na brashi ya nailoni, uiache ikauke vizuri. Kisha mimina maji ndani, nawe utambae chini yake na kalamu ya nta. Kila tone linapochungulia, lizungushie duara. Magogo yakae chini ya mkuku, ule uti wa chini wa boti, na mataruma yanayoshikilia bati, yasikae pale bati lilipo peke yake, maana lita 1 ya maji ni kilo 1: sakafu ya mita 4 kwa mita 1.2 ikiwa na maji ya sentimita 5 tu imebeba kilo 240. Jaza kidogo kidogo, tezini kwanza. Na uwahi kutazama katika dakika za mwanzo, wakati bati la nje lingali kavu. Ukichelewa, maji yameshatembea kando ya mshono, na tone linaanguka shubiri mbili kutoka pale lilipopenyea. Nimewaona watu wakibadilisha ribiti nzima na kuiacha mbovu kwa sababu hiyo.

Ribiti nyingi utazikuta zimelegea tu. Hizo zinakazwa, na kazi ni ya watu 2: mmoja nje anaegemeza chuma kizito cha kilo 2 au 3 kwenye kichwa cha ribiti, mwenzake ndani anagonga mkia kwa nyundo, mapigo 3 au 4 mafupi. Sikiliza mlio. Ribiti iliyolegea hulia kama kopo tupu, ikishika mlio unakuwa mzito. Ukishausikia umebadilika, acha hapohapo, kwa sababu ukizidi kugonga unalitanua tundu, na tundu lililotanuka linataka ribiti nene zaidi.

Iliyokatika kichwa au kuliwa, itoe. Tia alama katikati ya kichwa, toboa kichwa peke yake kwa drili, kisha sukuma mwili utoke. Pale unapofika pande zote mbili, rudisha ribiti ngumu ya alumini kama ile ya mwanzo. Pale mkono usipofika nyuma, tumia ribiti za kuvuta, lakini zile zilizozibwa mwisho. Za kuvuta za kawaida zina tundu katikati na zitavuja siku ya kwanza. Kila moja uichovye kwenye gundi ya kuzibia ya poliurethani kabla hujaiingiza. Silikoni ya bafuni iache bafuni: rangi haishiki juu yake, wala haishiki vizuri pale ilipobanduliwa.

Lami, sikatai, itazuia maji kwa muda. Lakini inafunika ribiti mbovu na nzuri pamoja, na ikipasuka maji yanajificha chini yake. Mwakani ukitaka kutengeneza kwa haki utatumia siku nzima kuikwangua.

Sasa ubao wa tezi. Huu ndio ninaokusihi usiuahirishe, kwa sababu nguvu yote ya mashine inapita hapo kabla ya kuisukuma boti. Kipimo changu ni hiki: mashine ikiwa imefungwa mahali pake, shika mkia wake, uinue na kuushusha. Tezi ikinesa pamoja na mashine, ubao umekufa. Wako unabonyea kwa dole gumba, basi huna haja hata ya kupima.

Fungua nati zote na uutoe, na hata ukitoka vipandevipande vikusanye, vipange chini kama ulivyokuwa. Ndio kigezo chako cha kukatia mpya. Unene upime pale mbao ilipobaki nzima. Kwa boti nyingi za ukubwa huo hukaribia milimita 38, kwa hiyo vipande 2 vya plaiwudi ya milimita 18 vilivyogandamizwa kwa gundi ya epoksi vinatosha. Plaiwudi iwe ya gundi isiyoyeyuka majini. Ukishaikata, ipake epoksi pande zote, na kingo uzipake mara 3, maana plaiwudi hunywa maji kupitia kingo. Matundu ya bolti toboa makubwa kuliko bolti, yajaze epoksi, ikikauka toboa tena kwa kipimo chake. Bolti itapita ndani ya epoksi, mbao haitaonja maji. Ubao wa mjomba wako ulioza kuanzia kwenye matundu, nina hakika nayo hata kabla sijauona, kwa sababu karibu yote niliyofungua ilianzia hapo.

Na hapa nina deni la kukueleza kosa langu. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilimfungia mzee mmoja ubao uliotiwa dawa ya kuzuia kuoza, ile yenye shaba, inayoipa mbao rangi ya kijani. Nilidhani namfanyia hisani. Misimu 3 ikapita, akarudi. Nilipofungua, mbao ilikuwa nzima kama siku niliyoiweka, lakini bati lililoigusa limejaa unga mweupe, na chini ya unga vishimo, vingine vimetokea upande wa pili. Shaba na alumini zikikutana penye unyevu, inayoliwa ni alumini. Nilimtengenezea tezi upya bila malipo, lakini bati lililokwisha kuliwa halirudi, ilibidi nilikate na kuweka kiraka. Kwa hiyo mbao ya dawa isiguse boti yako popote, wala skrubu za shaba nyeupe, wala vipande vya waya wa umeme vilivyoanguka ngamani, chini kabisa ndani ya boti. Hata sarafu iliyosahaulika chini ya sakafu inaweza kutoboa. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kati yake na bati weka washa za nailoni na gundi ya kuzibia, maana hata chuma hicho kikigusa alumini moja kwa moja kwenye maji ya chumvi kinaisumbua.

Nakuja kwenye benchi. Wewe unaliona kiti, lakini ndilo linalozishika mbavu mbili zisifunguke. Ukilikata, kila wimbi litakuwa linazipanua na kuzibana, na ribiti ulizokaza kwa jasho zitalegea tena. Halafu chungulia ndani yake: kwa kawaida kuna povu. Likamue kwa mkono. Likitoa maji, litupe, kwa sababu limekuwa mzigo. Lakini usiliache sanduku tupu.

Alumini inazama, mwanangu. Boti ya kilo 90 ikijaa maji, bati lake linasukuma maji ya kilo 33 hivi, zile 57 zilizobaki zinavuta chini. Ongeza mashine na betri, unapita kilo 100 kwa urahisi, na bado hatujakuhesabu wewe unayeishikilia. Povu la lita 1 lisilonywa maji hubeba karibu kilo 1. Kwa boti kama yako mimi siridhiki na chini ya lita 200, na nyingi yake naiweka juu, chini ya mabenchi na kandokando ya mbavu, ili boti iliyojaa maji ibaki wima badala ya kupinduka. Mbao za povu gumu la polistireni zinafaa na ni rahisi kukata. Ziweke mbali na tangi, kwa sababu petroli huziyeyusha.

Sitaha ya omo nakuruhusu, ila iwe ya chini na nyepesi. Ukisimama juu, boti inayumba zaidi, na uzito wa sitaha unakatwa kwenye mzigo ulioandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji, kama bado kipo. Kapeti usiweke, hushikilia maji juu ya bati. Rangi, fedha ikibaki. Isipobaki, kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, alumini tupu inajilinda yenyewe.

SWALI: Fundi, nimeona vijiti vya alumini vinavyoyeyushwa kwa moto wa gesi. Boti yangu ina ufa wa kama sentimita 10 ubavuni. Je, vinafaa? – Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Kwenye bati jembamba sikushauri. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi na haigeuki nyekundu kukuonya, unaona imeng'aa mara imedondoka. Juu yake kuna utando wa oksidi unaohitaji nyuzi zaidi ya 2,000 kuyeyuka, kwa hiyo usipoukwangua sawasawa kijiti kinakaa juu kama nta, hakishiki. Na joto linakimbilia kwenye ribiti za jirani na kuunguza gundi yake. Kama fundi wa kuchomelea kwa gesi ya agoni hapatikani au bei yake inakuzidi, toboa tundu la milimita 3 kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia, kisha funika kwa kiraka cha bati la alumini chenye pembe za mviringo, gundi chini yake, ribiti kuzunguka. Kiraka cha namna hiyo kikifungwa vizuri kinadumu miaka.

SWALI: Ndugu yangu mwenye boti ya faiba amenipa nusu kopo ya rangi ya kuzuia kome. Boti yangu ya alumini inalala kwenye maji ya chumvi. Niipake? – Nimepewa bure

JIBU: Soma kopo kwanza. Nyingi ya rangi hizo huua kome kwa shaba, na umeona hapo juu shaba inavyolifanya bati. Kama ina shaba, mrudishie ndugu yako. Iko inayotengenezwa mahususi kwa alumini, na hata hiyo haipakwi juu ya bati tupu: ondoa mafuta, piga msasa, upake praima ya epoksi siku hiyohiyo, maana utando wa oksidi unaanza kurudi mara tu unapoweka msasa chini. Brashi ya waya wa chuma usitumie kusafishia, vipande vyake vinabaki ndani ya bati na kuanza kula. Ukiwa huna fedha ya rangi hiyo sasa, ivute boti nchi kavu kila jioni na uisugue kwa kitambaa na maji baridi kabla kome hawajashika.