Mashine ya kukimbilia inanishinda

Swali: Shikamoo dada, nimezoea kukimbia asubuhi Coco Beach, sasa mvua za masika zimenihamishia jim. Kwenye mashine nachoka haraka, jasho kama maji, nikishuka kichwa kinazunguka. Shida nini? Msomaji, Kinondoni

Jibu: Marahaba mdogo wangu, pumzi zako ziko sawa kabisa. Nje ukikimbia upepo unakupooza, ndani uko palepale joto linakuganda, omba feni ikuelekee na maji yawe karibu. Kizunguzungu ni kawaida kwa mgeni, macho yanaona umesimama huku miguu inakimbia, kwa hiyo usizime ghafla, punguza spidi taratibu utembee dakika 5 hivi ndo ushuke, kisipoisha kamuone daktari. Anza kwa kutembea kilomita 5 kwa saa, ukizoea panda 7 au 8, usilazimishe spidi ya barabarani. Baadaye weka mwinuko asilimia 1 maana ndani hakuna upepo wa kukupinga. Usishikilie vyuma wala kuangalia miguu, na tafadhali sana ile kamba ya usalama ibane kwenye nguo kila siku, wengi wanaiacha inaning'inia na ndo inayozima mashine ukiteleza.