Ukitaka kuisikia OSCAR 7 kutoka Kampala, anza na jua

Wanaoniuliza jinsi ya kufuatilia setilaiti karibu wote huanza na bei: antena ipi, redio ipi, shilingi ngapi. Mimi huwarudisha nyuma. Kwa setilaiti kongwe ninayoipenda, AMSAT-OSCAR 7, swali la kwanza ni kama jua litakuwa linaipiga wakati inapita juu yetu. Kama halipo, hata uwe na antena ya mamilioni utasikia mvumo tu.

Iliundwa na wapenzi wa redio wa nchi kadhaa, ikarushwa kutoka Vandenberg, California, tarehe 15 Novemba 1974. Huku kwetu alikuwa anatawala Amin. Mwaka 1981 betri zake zilipiga shoti, ikanyamaza, na watu wakaihesabu imekufa. Juni 2002 mtu mmoja Uingereza akaisikia tena. Kumbe ile shoti ilikuwa imeachia, na umeme wa paneli za sola sasa ulikuwa unaingia moja kwa moja kwenye mitambo. Tangu hapo inaishi kama mashine ya kusaga isiyo na jenereta: ikiingia kwenye kivuli cha dunia inazima, ikitoka inawaka upya.

Kwa nini bado iko juu? Kimo. PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, iliachiwa kutoka Kituo cha Anga cha Kimataifa Desemba 2022, kwenye kilomita 400 hivi. Huko bado kuna hewa kidogo, nayo huikokota setilaiti mpaka ishuke na kuungua. OSCAR 7 iko karibu kilomita 1,450, ambako hewa ni kama haipo. Faida nyingine ya kimo hicho ni kwamba ikiwa juu ya Kampala, Cairo na Johannesburg zinaiona pia, na ikipita katikati ya anga unaweza kuwa nayo zaidi ya dakika 20.

Pakua data zake za obiti, yaani za njia yake angani, kwa namba yake ya orodha ya setilaiti, 7530, uziweke kwenye programu ya bure kama Gpredict, kisha uandike mahali ulipo. Data za setilaiti za chini huchakaa upesi. Za hii huvumilia, ila kuzipakua upya kila wiki hakukugharimu kitu. Programu itakuonyesha pia kama iko juani au kivulini. Sisi tulio kwenye ikweta, mapito ya usiku wa manane mara nyingi ni ya kivulini, kwa hiyo lala. Asubuhi na jioni ndizo saa zangu.

Kuhusu saa, kuwa makini. Programu nyingi huja na saa za dunia (UTC). Ikiandika 15:10, ongeza tatu upate 18:10, yaani saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Ukipanga na rafiki kwa simu, mtajie saa ya Kiswahili na useme ni asubuhi au jioni, la sivyo mmoja wenu atafika wakati setilaiti imeshavuka Sudan.

Vifaa sasa. Redio ya mkononi ya FM haifai, kwa sababu alama za Morse zinahitaji kipokezi chenye CW au SSB, njia za kupokea ambazo redio ya FM haina. Kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye USB ya kompyuta kinatosha. Antena jitengenezee: mabomba ya plastiki ya fundi bomba, vipande vya futi ya chuma vya karibu mita moja, na waya wa antena ya TV. Tafuta karibu na megahetsi 145.97. Sauti itaanza juu kidogo na kushuka kadiri inavyokupita, jumla ya kilohetsi tano hivi, nawe uifuate kwa kubadilisha masafa kwa mkono. Ukisikia herufi HI kwa Morse, zikifuatwa na tarakimu, ndiyo hiyo. Usipoisikia ikiwa juani, huenda imejiwasha kwa mfumo wake mwingine unaotumia megahetsi 29.5, jaribu kesho yake, kwani ikikaa juani mfululizo hubadilisha kila saa 24.

Ndani ya mji, taa za LED na inveta za majirani hujaza kelele. Kando ya ziwa, Ggaba au Entebbe, upande wa kusini uko wazi kabisa. Lakini mtu anayeelekeza machuma angani jioni huzua maswali. Msalimie kwanza mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), umweleze na umpe asikilize. Mmoja aliniuliza, "Sasa hiyo inakulipa nini, kijana?" Nikamjibu, "Hailipi, mzee," akacheka, ila hakuna aliyenisumbua tena.

Kusikiliza ni jambo moja. Kurusha sauti yako kupitia setilaiti kunataka leseni ya UCC, Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Na radi ikianza, hata kama imebaki dakika moja setilaiti ipite, kama uko juu ya paa, shuka. Setilaiti itarudi baada ya saa mbili kasoro dakika tano.