Mama anameza lithiamu na anakwenda kuwekewa goti bandia: aache dawa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 64, ana ugonjwa wa baipola (ule wa akili, mtu kuchachamaa kupita kiasi kisha kuzama kwenye huzuni) tangu ujana wake, na kwa lithiamu, dawa ya kumtuliza, ametulia miaka mingi. Presha anayo pia, anameza enalapril. Goti la kulia limekwisha kabisa na MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wamempangia kuwekewa goti bandia. Dada yangu mkubwa anataka tunyamaze kuhusu baipola, eti wakisikia ni mgonjwa wa akili watamkatalia. Anataka pia mama aache lithiamu wiki mbili kabla ili damu isafike. Je, ni sahihi? Na akisharudi nyumbani, tutajuaje kama analia kwa maumivu au ugonjwa umerudi? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Nianze na la dada, kwa sababu hofu yake naisikia kliniki kila mara. Semeni, tena msingoje kuulizwa. Wa kwanza kuambiwa ni daktari wa usingizi, kwani lithiamu hufanya baadhi ya dawa za kulegeza misuli zifanye kazi muda mrefu kuliko alivyotarajia. Mgonjwa wa baipola aliyetulia hakatazwi kuwekewa goti. Kinachosogeza tarehe ni kuugua wakati ule ule: halali, anaongea mfululizo, au amezama kwenye huzuni hadi hali chakula. Hapo hata mimi ningeomba operesheni isubiri. Goti lililochakaa huuma, lakini haliharibikiwi na miezi miwili zaidi.

Wiki mbili bila lithiamu, hapana. Kuikata ghafla ni moja ya njia za haraka za kumrudisha mtu kwenye hali ya kuchachamaa, na mngemfikisha wodini akiwa hatulii kitandani. Utaratibu unaofuatwa kwa operesheni kubwa ni kusimamisha dozi saa 24 tu kabla. Kama mama humeza usiku, basi ni kuruka dozi ya usiku wa kuamkia operesheni. Anarudishiwa akishakunywa maji vizuri na vipimo vya figo na chumvi za damu vikiwa sawa. Daktari wake wa akili ndiye aandike hilo kwenye karatasi, mwende nayo.

Sasa niseme jambo ambalo hamkuniuliza, na ndilo linalonipa wasiwasi kuliko yote: dawa za maumivu. Lithiamu haina njia nyingine ya kutoka mwilini ila figo. Diklofenaki, ibuprofeni na hata celecoxib huifanya figo iizuie isitoke, ikapanda kwenye damu ndani ya siku chache huku mama akimeza dozi yake ile ile ya kila siku. Na goti jipya linauma kweli kweli. Hospitalini faili lipo na mtu anaangalia. Hatari ipo wiki ya pili, mama yuko nyumbani anaugulia usiku, jirani mwema anatumwa duka la dawa kuchukua "vya maumivu", au zahanati ya mtaani inampiga sindano ya diklofenaki. Vidonge vile vya mchanganyiko navyo mara nyingi vina diklofenaki ndani. Someni maandishi madogo ya pakiti. Parasetamoli haina ugomvi na lithiamu, ni nguzo nzuri akimeza kwa saa badala ya kungoja maumivu yapande. Barafu iliyofungwa kwenye khanga husaidia kuliko watu wanavyodhani. Tramadol inaweza kutumika kwa muda mfupi akiandikiwa na daktari anayejua dawa zake zote, hasa kama anameza pia dawa za huzuni kama fluoxetine au amitriptyline.

Enalapril nayo hupandisha lithiamu. Kwa kuwa anazitumia pamoja kwa muda mrefu, huenda dozi imeshapangwa kwa kuzingatia hilo, hivyo msibadilishe kitu wenyewe. Ila mtu akimwongezea dawa ya presha ya kukojoza, ulizeni kwanza. Na kuna safari ya kurudi Tanga. Mama mwenye magongo akiwa kwenye basi hunywa maji kidogo makusudi, asije akasumbua watu kumshusha msalani. Joto, jasho na kiu hiyo vinatosha kupandisha lithiamu. Anywe, na basi lisimame.

Dalili za lithiamu kuzidi: mikono kutetemeka kwa nguvu (kutetemeka kidogo kwa siku zote hakuhesabiki), kuharisha, kutapika, kuyumba, ulimi mzito, kusinzia kusiko kwa kawaida. Akiwa hivyo msimpe dozi inayofuata. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo akapimwe damu.

Swali lako la mwisho lina majibu mawili, kutegemea ni siku ya ngapi. Siku za mwanzo wodini, akianza kuona watu wasiokuwepo, hajui yuko wapi, asubuhi afadhali na usiku vurugu, msikubali haraka neno "ugonjwa wake umerudi". Baipola kwa kawaida haimpotezei mtu fahamu za mahali na saa kwa namna hiyo. Ni mwili unaolalamika: mkojo umeziba au una maambukizi, chumvi imeshuka, hewa haitoshi, dawa imezidi, au lithiamu yenyewe. Ombeni vipimo kabla ya sindano ya kumtuliza.

Akiwa nyumbani, angalieni usingizi. Aliyeamshwa na maumivu huwa amechoka mchana na anatamani kulala. Anayechachamaa analala masaa matatu tu usiku mzima, anaamka na nguvu, anatupa magongo na kutaka kwenda sokoni, huyo ataanguka. Huzuni haina kelele. Anakuambia "kesho" kila ukimwita kwenye mazoezi, na wiki sita za mwanzo ndizo goti linapojifunza kukunjika. Lisipofika nyuzi 90, hata kuinuka kwenye kiti itakuwa shida. Akikataa mazoezi siku tatu mfululizo ilhali maumivu yamepungua, nipigieni mimi au daktari wake kabla ya kumgombeza. Kuchuchumaa chooni kusahauni, tafuteni kile kiti cha plastiki chenye tundu kabla hajatoka hospitali. Kusali akae kwenye kiti.

Damu ya lithiamu ipimwe kabla ya operesheni, kisha siku 5 hadi 7 baada ya kuirudia. Ichukuliwe asubuhi, masaa 12 baada ya dozi ya usiku, kabla hajameza nyingine. Kwa umri wake tunapenda kipimo kiwe kati ya 0.4 na 0.8. Maabara ya hapo Tanga ikiwa haina kipimo hicho, ulizeni Muhimbili mngali hapo Dar, mpange siku hizo kabla hamjakata tiketi ya kurudi.