Biblia ya Kujifunzia: Nichague Ipi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mwalimu wa darasa la kipaimara katika kanisa la Kianglikana hapa Wete, Pemba. Fedha niliyoweka inatosha kununua Biblia moja tu yenye maelezo, ambayo nitaisoma nyumbani na kuifundishia. Ndugu mmoja ananishauri ninunue ya Scofield kwa Kiingereza, na mwengine ananisisitizia Biblia Habari Njema kwa kuwa lugha yake ni nyepesi. Nichague ipi?

JIBU: Milele na milele, amina. Ndugu yangu, washauri wako hawazungumzii jambo moja, kwani wa kwanza anakupa maelezo na wa pili anakupa tafsiri, nawe unahitaji kuyapima yote mawili kila moja peke yake.

Kwa upande wa tafsiri, ushauri wangu ni Union Version, tafsiri ya Kiswahili ya 1952. Ndiyo ambayo waumini wetu wengi wamehifadhi aya zake, nayo ilitanguliwa na Biblia ya Kiunguja, ambayo Askofu Edward Steere aliianza hapa Unguja na wenzake wakaikamilisha baada ya kifo chake cha mwaka 1882, hata ikachapishwa nzima mwaka 1891. Mwalimu anayesoma maneno yasiyofanana na yale yaliyo mikononi mwa darasa hupoteza muda mwingi kwa kulinganisha badala ya kufundisha. Habari Njema iwe ya pili, na itakufaa hasa katika nyaraka za Mtume Paulo, ambako sentensi ndefu huwachosha vijana.

Maelezo ndiyo yanayohitaji uangalifu zaidi. Biblia ya Scofield ilitoka mara ya kwanza mwaka 1909, na maelezo yake yanafundisha mpango maalumu unaoigawa historia ya wokovu katika vipindi saba. Mpango huo unaaminiwa na baadhi ya Wakristo, lakini si mafundisho ya Kanisa letu. Aidha, matoleo yake ya zamani yaliweka pembeni mwa Mwanzo 1 mwaka 4004 kabla ya Kristo, hesabu iliyofanywa na Askofu James Ussher katika karne ya 17. Mwanafunzi anayeiona tarehe hiyo kando ya aya huichukua kuwa ni neno la Musa. Hapo ndipo ninapoona hatari kubwa ya Biblia za namna hii zote, si ya Scofield peke yake: kauli ya mwanadamu hukaa ukurasa mmoja na Maandiko, na jicho lisilozoea haliutambui mpaka.

Kwa hiyo, kabla hujamkabidhi fedha mtu anayevuka kwenda Dar es Salaam, tafuta mwenye nakala ya Biblia unayoifikiria, ufungue Waebrania 6:4–6, mahali ambapo Wakristo wamehitilafiana kwa karne nyingi. Mwandishi mwaminifu wa maelezo atakueleza kwamba aya hizo zinaeleweka kwa namna zaidi ya moja, kisha ataonyesha anakoelekea yeye na sababu zake. Halafu tazama Marko 16:9–20, uone kama umeambiwa kwamba nakala mbili kongwe za Kigiriki za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, zinaishia aya ya 8. Maelezo yanayonyamaza katika sehemu zote mbili yatakuangusha mbele ya kijana mwenye maswali.

Angalia pia yameandikiwa nani. Maelezo mengi ya Kiingereza hutumia nafasi kueleza kwamba saa kumi na moja katika Mathayo 20 ni jioni, jambo ambalo mtoto wa Wete analijua bila kuambiwa, huku yakipita haraka katika mambo ya ukoo, mahari na pepo, ambayo ndiyo darasa lako litakayoyauliza. Kama unasoma Kiingereza bila taabu, Africa Study Bible ya mwaka 2016 imeandikwa na Waafrika wengi na inayagusa mambo hayo, ila matini yake ni New Living Translation, kwa hiyo itakubidi kuwa na Union Version mezani daima.

Kwa kuwa wewe ni Mwanglikana, uliza pia kama ina vitabu vya Deuterokanoni, yaani vile visivyomo katika Biblia nyingi za Kiprotestanti, kwani Kanisa letu huvisoma kwa mafunzo ya mwenendo, ingawa halithibitishi imani kwavyo. Kuhusu umbo, chagua iliyoshonwa badala ya iliyogundishwa kwa gundi, kwa sababu joto na unyevu wa visiwani huilegeza gundi mapema, na herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomeka umeme unapokatika.

Ukikosa yenye maelezo ya kuridhisha, nunua Union Version yenye marejeo na itifaki, yaani orodha ya maneno na aya yanamopatikana. Marejeo yatakutoa aya moja hadi nyingine, Maandiko yakifafanua Maandiko, na fedha itakayobaki iweke kwa ajili ya kitabu cha ufafanuzi wa Injili moja, ile utakayoifundisha mwaka huu.