Uliza Ujibiwe: Kompyuta inajizima na kujiwasha yenyewe

Safari hii tumeweka pamoja barua nne zenye ugonjwa unaofanana. Zote zinahusu mashine zisizo na kadi ya grafiki ya kuchomeka, yaani zinazotegemea grafiki zilizomo ndani ya prosesa, na zote zinazima ghafla kisha zinajiwasha upya bila kutoa ujumbe wowote.

SWALI: Habari za kazi wataalamu. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, Core i5-6500, Windows 10. Ilikuwa na RAM ya GB 4, nikaongeza kijiti cha GB 8. Tangu hapo nikicheza video ya YouTube kwa skrini nzima, au nikiwa kwenye kikao cha Zoom, skrini inakuwa nyeusi na mashine inaanza kuwaka upya. Nikishinda kwenye Word tu, haina neno. Fundi anasema grafiki imeungua. Ninunue nini?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Usinunue kitu bado, ndugu yetu. Umetaja mambo mawili ambayo fundi wako angeanza nayo: video, na kile kijiti kipya.

Grafiki za ndani hazina kumbukumbu yake zenyewe. Hukopa sehemu ya RAM, kwa hiyo zinapakua chungu kimoja na prosesa. Video inapocheza, kivinjari huzikabidhi kazi ya kufumbua picha, na kila fremu huandikwa kwenye RAM na kusomwa tena, mara 30 au 60 kwa sekunde. Word haisumbui njia hiyo. RAM yenye hitilafu ndogo inaweza kukuvumilia siku nzima ukiandika barua, ikakuangusha dakika ya tatu ya video. Kosa likiangukia kwenye picha yenyewe, utaona kidoa cha rangi tu. Likiangukia kwenye majedwali ambayo grafiki hutumia kutafuta data zake, draiva (programu inayoendesha grafiki) inaanguka, na mara nyingi Windows inaanguka nayo.

Kwanza tujue kama hiyo ni skrini ya bluu iliyofichwa. Windows imewekwa kiwandani ijiwashe upya baada ya kuanguka, na pengine hufanya hivyo kabla hujasoma chochote. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda kichupo cha Advanced, kisha ubofye kitufe cha Settings kilicho chini kabisa, kwenye sehemu ya Startup and Recovery. Ondoa tiki kwenye Automatically restart. Hapo hapo hakikisha imechaguliwa Small memory dump. Kama uliwahi kuzima faili la pagefile, ambalo Windows hulitumia kama RAM ya ziada, ili kuokoa nafasi ya diski, lirudishe kwenye diski C, maana bila hilo Windows huenda isiweze kuandika kumbukumbu ya ajali.

Sasa cheza video mpaka iharibike. Skrini ya bluu ikibaki na maneno VIDEO_TDR_FAILURE, au jina la faili igdkmd64.sys, ambayo ni draiva ya grafiki za Intel, basi ni upande wa grafiki kweli. Maana yake ni hii: Windows huzipa grafiki sekunde 2 kujibu. Zisipojibu, huiwasha draiva upya. Utaona skrini ikizima kidogo na kurudi. Jaribio hilo likishindikana, au mikwamo ikizidi mitano ndani ya sekunde 60, Windows hukata tamaa na kuzima kila kitu. Kuna wanaokushauri uongeze zile sekunde 2 ziwe 8 au 10 kwa kuhariri rejista ya Windows. Sisi hatupendi dawa hiyo. Inamnyamazisha mgonjwa tu.

Ikiwa hata baada ya kuondoa tiki mashine inakuwa nyeusi na kujiwasha palepale, andika eventvwr.msc, fungua Windows Logs, halafu System, utafute tukio namba 41 lenye jina Kernel-Power. Hapa watu wengi hupotea: wanaona neno Power na kukimbilia dukani kununua pawa saplai. Tukio 41 linasema tu kwamba mashine ilizima bila kuaga, na huandikwa baada ya kuwaka tena. Fungua kichupo cha Details usome BugcheckCode. Namba hiyo imeandikwa kwa desimali. Ikiwa 278, ni 0x116, yaani ile ile VIDEO_TDR_FAILURE ya grafiki. Ikiwa 292, ni 0x124, hitilafu ya vifaa. Ikiwa 0, Windows haikuwahi kuandika chochote: umeme ulikatika, madabodi ilijirudisha, au mashine iliganda kabisa. Tafuta pia tukio 4101, linaloonyesha kwamba draiva ya grafiki ilikwama ikarudi. Ukiliona limejirudia siku kadhaa kabla ya ajali, umepata pa kushika.

Sasa hicho kijiti. GB 4 na GB 8 kukaa pamoja si kosa, na kijiti chenye kasi kubwa zaidi hushuka chenyewe hadi 2133 kwenye prosesa yako kama madabodi ni ya RAM aina ya DDR4. Lakini baadhi ya madabodi za kizazi hicho hutumia DDR3L ya volti 1.35. Kama yako ni hiyo, soma lebo: lazima iandikwe PC3L. Kijiti cha PC3 tupu ni cha volti 1.5, kitaingia bila kulazimisha na kitasumbua.

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kandamiza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe, ndipo utoe vijiti vyote viwili. Futa meno ya dhahabu kwa ufutio safi wa penseli, pangusa vumbi la ufutio kwa kitambaa chenye spiriti, acha vikauke. Rudisha kijiti cha zamani peke yake, ucheze video kwa saa moja. Kisha weka kipya peke yake, kwenye tundu lile lile. Ukibadili kijiti na tundu kwa pamoja hutajua kipi ni kibovu. Mwisho weka programu ya kupima RAM, MemTest86, kwenye flashi, uwashe mashine kutokea humo na uiache usiku kucha. Toleo la bure hupita mara 4. Kosa moja tu likitokea, kijiti hicho kirudishe dukani. Usikubali kuambiwa kosa moja si kitu.

Vijiti vikipona mtihani, geukia draiva. Pakua ya modeli yako hasa kutoka tovuti ya kiwanda kilichotengeneza mashine, uihifadhi, halafu ukate intaneti. Usipokata, Windows Update itakuwekea draiva yake kabla yako. Shikilia Shift huku ukibofya Restart, pitia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4 uingie hali ya usalama (Safe Mode). Ondoa draiva ya zamani kwa programu ya DDU (Display Driver Uninstaller). Mashine ikiwaka tena, usikimbilie kuweka mpya: itumie nusu siku kwa draiva ya msingi ya Microsoft. Video zitakuwa nzito kwa sababu prosesa ndiyo itakayozifumbua. Lakini mashine isipozima nusu siku nzima, umethibitisha kwamba hitilafu iko kwenye njia ya grafiki, na hujatumia hata shilingi.

Ukitaka jaribio jepesi kuliko hilo, kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya System, zima matumizi ya graphics acceleration, ufunge kivinjari na kukifungua tena.

SWALI: Hamjambo. Nimeundiwa mashine ya Ryzen 5 5600G, RAM GB 16, vijiti viwili vya kasi 3600, madabodi B450, pawa saplai imeandikwa 500W. Fundi aliingia BIOS (mipangilio ya madabodi), akawasha XMP ili RAM ifikie kasi ya lebo yake, na akaipa grafiki GB 4 ya RAM. Nikicheza gemu dakika 10 hadi 20 inakatika na kujiwasha. Kwenye Event Viewer naona 41 yenye sifuri, na mara nyingine WHEA-Logger 18. Draiva nimebadilisha mara tatu.
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Acha draiva ipumzike. Sifuri pamoja na WHEA 18, ambayo ni ripoti ya hitilafu ya vifaa, inaelekeza kwenye vifaa au mipangilio ya BIOS.

Prosesa hiyo imeidhinishwa kwa DDR4-3200. Kasi ya 3600 ni kuikimbiza RAM zaidi ya kipimo, hata kama lebo ya kijiti inajisifu. Kwenye mashine yenye kadi yake ya grafiki unaweza usione tatizo, kwa sababu gemu halipiti sana hapo. Kwako wewe prosesa na grafiki zinagombea kidhibiti kimoja cha kumbukumbu, na gemu hukijaza muda wote. Ingia BIOS, zima XMP, cheza jioni nzima. Isipokatika, iwashe tena XMP lakini ushushe kasi kwa mkono hadi 3200, volti za RAM ubaki nazo kama lebo inavyosema, kwa kawaida 1.35. Volti ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha kumbukumbu) iache kwenye Auto; si mahali pa kubahatisha. Ukiwa humo, angalia pia toleo la BIOS. B450 ni ya zamani kuliko 5600G, na BIOS za mwanzo hazikuijua kabisa.

GB 4 za grafiki hazizimi mashine. Unabaki na GB 12, zinatosha. Angefanya hivyo kwenye mashine ya GB 8 tungemgombeza.

Ikiwa bado inakatika hata bila XMP, sasa ndiyo zamu ya pawa saplai. Prosesa hii ina TDP (kipimo cha joto inalotoa) ya wati 65 na kwa kawaida hairuhusiwi kuvuka wati 88, kwa hiyo wati 300 za kweli zingetosha na kubaki. Neno lenye uzito hapo ni "za kweli". Angalia namna inavyozima. Ikizima na kubaki imezima mpaka ubonyeze kitufe, huenda ulinzi wa pawa saplai umejikata, au joto limezidi. Ikizima na kujiwasha palepale, mara nyingi ni ishara ambayo pawa saplai huituma kuiambia madabodi kwamba umeme uko sawa: ilidondoka kwa kitambo kidogo, na madabodi ikajirudisha mwanzo. Pima kwa multimita kati ya waya wa njano na mweusi wa plagi ya Molex wakati gemu linacheza. Inatakiwa ibaki kati ya volti 11.4 na 12.6. Ikishuka chini ya 11.4, badilisha. Multimita ya kawaida haioni mdondoko wa milisekunde, kwa hiyo kipimo kizuri hakiisafishi pawa saplai moja kwa moja. Azima nyingine ujaribu nayo. Hakikisha pia ile plagi ya pini 4 au 8 karibu na prosesa imeingia mpaka ikabana.

Joto lipime kwa programu ya HWiNFO. Kikomo cha 5600G ni nyuzi 95, na kabla ya kuzima itapunguza kasi kwanza, kwa hiyo gemu lingeanza kukwama. Hukutaja kukwama, ndiyo maana joto tumeliweka mwisho.

Msomaji mwingine mwenye Ryzen ambaye mashine yake inakatika ikiwa *haifanyi kazi*, imekaa tu: kwenye BIOS tafuta Power Supply Idle Control, uweke Typical Current Idle. Baadhi ya pawa saplai hazistahimili mzigo mdogo mno.

SWALI: Laptopu yangu inajiwasha upya kila nikichomeka HDMI ya projekta shuleni. Nyumbani kwenye TV haina shida. Ni grafiki?
*Mwalimu, Kahama*

JIBU: Mwalimu, TV ya nyumbani imeshajibu nusu ya swali. Huenda projekta na chaja ziko kwenye soketi mbili tofauti, na moja haina waya wa ardhi unaofanya kazi. Tofauti ya volti hupita kwenye HDMI unapoichomeka. Tia vyote viwili kwenye ekstensheni moja yenye ardhi, au chomoa chaja, uchomeke HDMI laptopu ikiwa kwenye betri. Ukiona cheche au ukihisi mtetemo kidoleni, acha, umwite fundi umeme akague soketi.

Ikiendelea hata kwenye betri, ingia kwenye BIOS uchomeke HDMI ukiwa humo. Ikijiwasha hapo, Windows na draiva hazina kosa, tafuta kwenye tundu la HDMI au madabodi. Ikitulia, draiva ndiyo inayoshindwa kubadili skrini. Fuata maelekezo ya jibu la kwanza.

SWALI: Fundi anataka "kuichoma upya" chipu ya grafiki ya kompyuta yangu ya Core i3 kizazi cha 8. Inafaa? Au ninunue tu kadi?
*Msomaji, Kigoma*

JIBU: Hapana chipu ya kuchomwa. Kuanzia 2011, na hata kwenye kizazi chako cha 8, Intel iliweka grafiki kwenye kipande kile kile cha silikoni chenye prosesa. Habari za kuchoma upya zilitokana na laptopu za zamani zilizokuwa na chipu ya grafiki peke yake kwenye madabodi, na fundi anayeitaja kwa mashine yako anabahatisha kwa fedha zako.

Kama ni ya mezani, kadi ni wazo zuri, ila iazime kwanza kwa ajili ya kupima. Ichomeke, hamisha waya wa skrini kwenye kadi, na kwenye BIOS uzime grafiki za ndani. Mashine ikiendelea kujizima, grafiki za ndani hazina hatia; rudi kwenye RAM na umeme. Ikitulia siku tatu nne kwa kazi ile ile iliyokuwa ikiiangusha, nunua. Mashine nyembamba za ofisini huwa na pawa saplai za wati 180 hadi 240 na hazina waya wa ziada wa kadi, kwa hiyo chagua ndogo: GT 710 hula wati 19, GT 1030 wati 30. Pima urefu wa kibati cha nyuma kabla ya kulipa, kwa sababu mashine hizo huchukua kadi fupi tu.