Meno ya Mtoto: Ni Urithi au Ni Mkono wa Mtu?

Daktari, binti yangu ana miaka 13 na chonge zote mbili za juu hazijatoka. Baba yake anasema ni ukoo wetu, maana dada yangu naye hana. Ni kweli? (Mama, Jinja)

Pengine, mama. Lakini kabla ya kuulaumu ukoo, nijibu: alipokuwa mchanga alitolewa ebinyo, yaani yale "meno" ya ufizini yanayodhaniwa kuleta homa na kuharisha? Hapa Uganda mimi huanza na swali hilo kila chonge inapokosekana. Kichanga anaharisha au anachemka, mtu anaona ufizi umevimba na kuwa mweupe, basi unachimbwa kwa kisu au spoku ya baiskeli, bila ganzi. Kinachotolewa ni chonge ya utoto ambayo haijakomaa. Jirani nayo ndipo chonge ya ukubwani inapojijenga, nayo hujeruhiwa: haitoki kabisa, au hutoka imepinda na ina kasoro. Ndugu wawili waliochimbwa na mtu yuleyule wataonekana kama wamerithi! Na ile homa, ambayo huenda ilikuwa malaria, inabaki bila dawa.

Kama hakuchimbwa, basi baba ana hoja. Chonge ya juu kwa kawaida hutoka kwenye miaka 11 au 12. Ikipotea njia na kujificha upande wa kaakaa, mara nyingi ni jambo la ukoo, huwapata wasichana zaidi, na jino la jirani huwa dogo lenye ncha. Apigwe eksirei sasa. Kwa wadogo zake, daktari apapase ufizi wakifika miaka 10. Chonge isipohisika, kung'oa ile ya utoto mapema huweza kuifungulia njia. Kwa binti, huenda ikabidi ufizi ufunguliwe na jino livutwe kwa waya.

Mjukuu wangu ameanza kuota meno ya juu. Majirani wanamwita kigego. (Jaja, Arua)

Waambie wanyamaze. Wengi huanza na ya chini, wengine ya juu. Hana mkosi wowote.

Mwanangu wa kiume ana miaka 4, ana meno machache tu, tena yamechongoka. (Baba, Kasese)

Nywele zake zikoje? Je, hutokwa jasho? Meno machache, nywele haba na ngozi isiyotoa jasho vikikutana, tunashuku hitilafu ya jeni iitwayo EDA. Iko kwenye kromosomu X, ambayo wavulana wanayo moja tu, ndiyo maana huwabana wao, na mama anaweza kuibeba akiwa na dalili ndogo au bila dalili. Asiachwe juani, mwili wake haujui kujipoza. Mpeleke kwa daktari wa watoto kabla ya daktari wa meno.

Akiwa na nywele na jasho kama wenzake, huenda ni jeni nyingine: MSX1, PAX9 au WNT10A. Mabadiliko kwenye mbili za kwanza mzazi mmoja anatosha kuyarithisha, na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Hebu hesabu na meno yako mwenyewe, baba.

Binti yangu wa miaka 8 ana mwanya mpana kama wangu. Tuuzibe? (Mama, Mbarara)

Mwanya hurithiwa sana, lakini umri huo ni mapema. Mara nyingi hupungua chonge zikitoka. Apigwe eksirei tu, kuhakikisha hakuna jino la ziada katikati. Likikosekana, mwache na mwanya wake mpaka mwenyewe aseme hautaki.