Pipi nne kwenye pindo la kanga

Mwanangu kipenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku Tanga hatujambo. Mvua za vuli zimeanza, na paa la jikoni linavuja palepale alipokuwa akipaziba marehemu baba yako kila mwaka.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umeniuliza: "Mama, mama mkwe nimwambie sasa kwamba nina kisukari, au ningoje ndoa ipite?" Mchumba wako anajua tangu mwanzo, hapo sina neno. Shida ni mama yake, na zile wiki mbili mtakazokaa kwake Korogwe kabla ya kurudi kazini Dodoma.

Nilitaka kukupigia nikujibu, nikaona kwa simu sitaweza. Na nilipokaa na kalamu nikaona kinachonikaa rohoni ni kingine. Wewe unataka kujua useme lini. Mimi nimesikia ulivyouliza: kwa kunong'ona, kama mtu aliye nyuma ya mlango. Una miaka 29, una kazi yako, umepanga chumba chako peke yako, bado neno kisukari unalinong'ona. Nilipolisikia nikajua umelitoa wapi.

Unakumbuka ilivyoanza, mwaka 2006? Ulikuwa na miaka 11. Maji ulikuwa unakunywa kata juu ya kata na kiu haikatiki, umekonda mabega yametoka, na kitandani ukaanza kukojoa tena kama mtoto mdogo. Asubuhi moja nikaanika shuka lako uani. Jua halijapanda, sisimizi wamekwisha kujipanga juu ya ile alama ya mkojo, mstari mmoja mpaka ukutani. Nilielewa. Wazee wetu ugonjwa huu waliujua kwa sisimizi kabla hawajaona mashine yoyote. Na unajua nilifanya nini? Nilianua shuka kabla jirani hajatoka. Hospitali tulikwenda siku ya tatu yake, pumzi yako inanuka kama tunda lililoiva likapita, na sukari ilikuwa juu hata mashine ikashindwa kuandika namba. Siku tatu zile, mwanangu, nimezihesabu usiku mwingi.

Daktari alitueleza kwamba hii ni aina ya kwanza, kongosho lako halitoi tena insulini ya kushusha sukari, kwa hiyo itaingia kwa sindano siku zote. Akakuhadithia habari za yule mvulana wa Toronto, Kanada, aliyechomwa insulini Januari 1922, wa kwanza duniani. Kabla ya hapo watoto kama wewe walikuwa wakinyimwa chakula ili wavute siku chache zaidi. Ukauliza, "Sindano ilimuuma?" Mimi nilikuwa nawaza nyumba yetu ya Ngamiani yenye wapangaji sita, choo kimoja, na nitawaambia nini.

Ndiyo maana dawa yako iliishi kwenye mtungi. Friji lilikuwepo, chumba cha tatu kutoka kwetu, kwa yule mama aliyekuwa akiuza barafu za ukwaju, na alikuwa mwema, asingekataa. Lakini kumpa kichupa ni kumpa habari. Nikatafuta vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga, nikawa naumwagia maji asubuhi na jioni na juu nafunika kitambaa kibichi. Dawa haikuharibika. Watu husema siri ya mtungi aijuaye kata, na mtungi wetu siri yake ilijulikana na watu watatu tu nyumba nzima.

Baba yako hakupenda. Alimwandikia barua mwalimu wako wa darasa, karatasi moja ya daftari: mtoto ana sukari, akitoka jasho bila sababu au akizungumza ovyo apewe soda haraka. Niliitoa kwenye mkoba wako nikaichana. Nilimwambia akitangaza hilo mtoto ataolewa na nani. Miaka 11, mimi nawaza kuolewa! Hakubishana. Aliandika nyingine akaipeleka mwenyewe shuleni kwa miguu, na mimi nikaijua habari hiyo alipokwisha kufariki, mwalimu alipokuja kuhani.

Sasa nije kwenye Pangani. Najua hupendi nikiitaja, lakini nivumilie.

Ile harusi ya 2009, ya binti wa mama yako mkubwa. Ulikuwa na miaka 14. Asubuhi saa moja nilikuchoma sindano bafuni, mlango nimeuzuia kwa mgongo, ukala vitumbua viwili na chai. Dawa ile ilikuwa ya mchanganyiko, yenye nguvu mpaka mchana, kwa hiyo chakula cha mchana kilikuwa lazima. Tuliambiwa pilau litatoka saa saba. Bwana harusi na watu wake wakachelewa kuvuka kutoka ng'ambo ya mto, na hakuna wa kufunua sufuria kabla yao. Saa nane, saa tisa. Mimi niko uani nachambua mchele wa usiku. Mashine ya kupimia nimeiacha nyumbani Tanga, maana ingeonekana.

Nikasikia kelele chumba cha wasichana. Nilipoingia umeegemea ukuta, mikono yote miwili umeinyoosha mbele imejaa hina mbichi, gauni limelowa jasho mgongoni, unacheka na huna unachokichekea. Nakuita jina hunitazami. Wanawake wanasema umepandwa, mmoja amekwisha kuleta chetezo na ubani. Hapo ndipo nilipopiga ukelele nyumba nzima ikasikia: "Mtoto ana kisukari! Nipeni sukari!" Na bi mkubwa mmoja, mwenye heshima zake, akanishika mkono: "Mgonjwa wa sukari unampa sukari? Unataka kumuua?" Mwanangu, nilimsukuma. Mwanamke wa umri wa mama yangu nilimsukuma akakalia mkeka. Muda wa kumweleza kwamba sindano imeshusha na chakula hakijaja kupandisha haukuwepo. Ulikuwa bado unaweza kumeza, alhamdulillahi, nikakunywesha sharubati ya ukwaju bilauri mbili na sukari nikakupaka kwenye fizi kwa kidole.

Baada ya kama robo saa macho yalirudi. Ukanitazama. Ukatazama wale watu wote mlangoni. Neno lako la kwanza lilikuwa: "Mama, umewaambia?"

Kilichonichoma zaidi ulinisimulia usiku. Ulisema uliisikia inashuka. Midomo ilikufa ganzi, mikono ikaanza kutetemeka, ukajua. Pipi nne ulikuwa nazo, nilikufungia mwenyewe kwenye pindo la kanga. Lakini mikono ina hina, usingeweza kufungua fundo bila kumwomba msichana wa pembeni, na ukimwomba atauliza za nini. Ukanyamaza, pipi ziko pajani kwako.

Nimeishi na fundo lile miaka yote hii. Kanga ninayo bado.

Tangu siku ile neno langu limekuwa moja, na umelisikia mpaka umechoka: kila nyumba unayolala, awepo mtu mmoja anayejua. Mmoja akijua panatosha, mtaa mzima wa nini.

Lakini ngoja nami nijitetee, maana sikuwa mwongo kabisa. Si unakumbuka yaliyofuata? Watoto wa Pangani walikuita Bi Sukari mpaka likizo ikaisha. Shangazi yako mmoja alikunyang'anya kipande cha keki mbele ya wageni, wewe umekwisha kuhesabu na kujua unachokila, ukarudi chumbani ukalia. Na lile swali la "atazaa kweli huyu?" lilisemwa sebuleni kwetu, mimi nikiwa nagawa kahawa. Nilivyoviogopa vilikuja vyote. Watu wakijua, kila mmoja anakuwa daktari wa sahani yako. Wakati mwingine nasema moyoni, afadhali ningeshikilia siri mpaka ukue.

Halafu najirudi. Bi Sukari hakufa. Aliyenyamaza na pipi zake ndiye aliyekaribia kufa. Na yule bi mkubwa niliyemsukuma, nilipokwenda kumwomba radhi asubuhi yake, hakutaka radhi. Alitaka nimweleze pole pole inakuwaje sukari imponye mwenye sukari. Tulikaa barazani mpaka chai ikapoa, nikamweleza ugonjwa huu kwa sauti yangu ya kawaida, mtu wa nje, mara ya kwanza tangu 2006. Sijui nikwambieje raha niliyoipata. Nilipoinuka nilihisi nimetua ndoo.

Jambo la Ramadhani nalo usilisahau. Hukunitajia, ila nina hakika unaliwaza. Mwaka ule wa 2010 ulikuwa unakula mchana chumbani, mlango umefungwa na redio nimeifungulia ili kijiko kisisikike. Mgonjwa ameruhusiwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe, Suratul Baqara, na mimi namfungulia redio! Mkiwa Korogwe mwezi mtukufu ukawakuta huko, nani atakufungulia redio? Na usiku sukari ikishuka chini ya 4, mumeo amesafiri, ni mama yake atakayesikia unagonga vitu jikoni. Kila nyumba unayolala, mwanangu.

Atakuuliza habari ya wajukuu, hilo lijue kabisa. Una jibu, daktari wako amekupa: sukari itulie kwanza, ndipo ushike mimba, na kliniki usikose. Wanawake wa sindano wanazaa. Na watoto wengi wa mama mwenye aina ya kwanza hawaupati ugonjwa huu. Mwambie hivyo hivyo kama ulivyoniambia mimi mwaka jana pale kituo cha basi, ulipokuwa umesimama wima na sauti yako inasikika mpaka kwa wauza machungwa. Siku ile nilikutazama nikasema moyoni, huyu amepona ugonjwa nilioutia mimi. Ndiyo maana ujumbe wa juzi umenitikisa.

Umetaka nikwambie useme au ungoje. Nimeandika "sema" hapa, nikakata. Nikaandika tena, nikakata, utaona karatasi ilivyochafuka. Mimi nilikwisha kukuamulia mara moja, na uamuzi wangu uliona ulikokufikisha. Mama mkwe ni wako, ulimi ni wako, na mchumba wako ana ulimi wake pia, mkae muongee. Mimi mdomo nimeuziba, ingawa unaniwasha, na nikiwa pale hatalipata neno hilo kwangu mpaka unipe ruhusa.

Isipokuwa jambo moja siliombi ruhusa. Jumamosi wakija na barua ya posa, napika mwenyewe. Pilau linatoka saa saba kamili. Washenga wawe wamefika au wako njiani, sufuria litafunuliwa, na sahani ya kwanza ni yako.

Mama yako